Yadi Mbili za Marekani

Shughuli nzima ilikula yadi mbili za marekani. Nimepima mara mbili: mara ya kwanza kwa fimbo yangu ya dukani, mara ya pili kwa fimbo ya marehemu baba, ambayo haimpendelei mwenye duka. Yadi mbili kamili. Kwa asiyeuza vitambaa, marekani si nchi. Ni kile kitambaa kigumu cha pamba, rangi ya maziwa yaliyolala, ambacho ukikifua sana kinageuka cheupe. Watu wanakinunua kwa kuvalisha magodoro, kwa bitana, na kwa sanda. Bei yake Temeke nzima inaijua, kwa hiyo mtu atasema hasara yenyewe ndogo. Na mie nilisema hivyohivyo, kabla sijaelewa kwamba yadi hizo mbili zina wenyewe wawili, wote vikongwe, wote wananipenda.

Mmoja ni mama yangu mzazi. Wa pili mtaani tulimwita Bibi Mjerumani.

Mara ya kwanza alipoingia dukani aliomba yadi sita za marekani. Hakuuliza bei. Alikishika kitambaa kwa vidole viwili, akakivuta kwa ubavu, akakinusa. Nikamtajia bei ya mgeni. Akanitajia bei ya Temeke, kwa Kiswahili cha vitabuni kilichopigwa pasi. Nikajua huyu si wa jana. Baada ya muda akarudi, yadi sita nyingine. Mara ya tatu nikaona aibu. Kwetu mtu akinunua marekani nyingi, peke yake, bila uzi wala vifungo, huyo ana msiba, na mie nilikuwa nimemuuzia misiba miwili bila hata kumpa mkono. Nikaweka fimbo chini.

"Bibi, pole sana. Mwenyezi Mungu akupe subira."

"Nani amekufa?"

Nikamwambia yeye ndiye mwenye habari. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanieleza kwamba yeye ni mchoraji, anachora nyuso za watu kwa rangi ya mafuta, na kwamba kitambaa cha wachoraji kinachotoka kwao Ulaya kina bei ya kumtoa mtu machozi, wakati marekani yangu ukiipaka gundi na unga wa chaki inakuwa ngumu kama mlango. Nikampa pole tena, safari hii kwa ajili ya kazi.

Nikawa nampelekea mwenyewe. Alikuwa amepanga vyumba viwili na uwani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila nikifika ananikaribisha chai isiyo na sukari, ambayo nilikuwaga naimaliza kwa heshima tu. Shikamoo yangu alikuwa akiipokea kwa "marahaba" ndefu, kama mtu anayeionja. Hapo kwenye chai ndipo nilipoyapata maisha yake, kipande kwa kipande, kama mtu anavyonunua kitambaa kwa mkopo.

Alizaliwa katika mji mdogo ulio kando ya mto. Baba yake alikuwa akichora vibao vya maduka: mkate kwa mwoka mikate, kiatu kwa fundi viatu, bilauri yenye povu kwa mwenye baa. Yeye kazi yake ilikuwa kushika ngazi. Baba alimfundisha kanuni moja tu, kwamba kibao kizuri ni kile kinachosomeka hata na mlevi. Alipokwenda chuo cha uchoraji, mwalimu akamwambia wanawake mikono yao ni ya maua. Hakubishana naye. Alikaa nyuma ya darasa akamchora yule mwalimu, na kidole kilichonyooshwa na mdomo uliojaa maneno, na mwisho wa mwaka mwalimu akainunua ile picha ili watu wengine wasiione. "Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza," alisema. "Alilipa vizuri sana."

Mji wao una desturi: meya akistaafu anachorwa, na picha yake inatundikwa kwenye ukumbi wa manispaa. Bibi Mjerumani alichora mameya wanne. Wake za madaktari walimfuata, wakaja wenye viwanda, na wakili mmoja aliyetaka achorwe na farasi ambaye hakuwa wake. Halafu meya wa tano akaja na mpiga picha. Kamera ikalia mara moja, watu wakapiga makofi, wakaenda kula. Yeye alikuwa amesimama mlangoni na kasha lake la rangi. Akaolewa na fundi wa mitambo ya maji, na fundi alipopata kazi huku, akafunga kasha wakaja.

Yaliyofuata sikuhitaji kuelezwa sana. Mtu wa Dar huna haja ya kumwuliza wasifu wake, mwulize amehama kutoka wapi kwenda wapi. Bibi Mjerumani alianzia Kawe, nyumba yenye upepo wa bahari, akichora wake za mabalozi, watoto wa wakurugenzi, na mbwa wao. Mbwa aliwasifu: hawakuomba kupunguzwa mashavu. Mume alipofariki nyumba ikarudi kwa wenyewe. Akaenda Kinondoni, akawa anachora maharusi na mchungaji mmoja na familia yake. Simu zikaanza kupiga picha nzuri kuliko watu. Akaja Temeke, ambako alichora muuza mkaa, mama wa vitumbua, na yeyote aliyekubali kutulia.

Sikuweza kuvumilia biashara inaoza mbele yangu. Nikajifanya dalali wake, bila kuombwa. Wateja nilimletea, lakini Temeke ni Temeke. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye mwenye nyumba wake, alichorwa kuanzia kifuani kwenda juu, akaitazama, akasema kazi nzuri, ila miguu haipo, kwa hiyo nusu bei.

"Picha ya pasipoti ina miguu?" nikamwuliza.

"Haina."

"Na uliilipia?"

"Pasipoti inanipeleka mahali, braza. Hii inanipeleka wapi?"

Bibi harusi mmoja alitaka afanywe mweupe, kwa sababu kwenye simu anakuwaga mweupe. Bibi Mjerumani akamjibu kwa upole kwamba amemwona hivyo, hawezi kumchora asiyemwona. Bi harusi akaondoka, na udalali wangu ukaondoka naye. Nikamlaumu bibi njia nzima ya kwenda kununua mafuta ya taa. Aliniacha nimalize, halafu akasema baba yake angemwelewa.

Kitu kimoja nilikiona nisikihesabu. Bibi alikuwa akimtazama mtu kwa ubavu. Ukizungumza naye, kichwa anakipeleka pembeni, kama kuku anavyokagua punje. Nilidhani ndio usanii. Na kitambaa alikuwa hajali tena kukiona kwanza, anakishika tu. Vitu vyote nyumbani kwake vilikuwa na mahali pake: kikombe pembe ya kushoto ya meza, brashi zimelala kwa ukubwa, sanduku la bati la vitambaa ukutani chini ya dirisha. Ukisogeza kikombe, anakirudisha bila kukitafuta. Nikasema moyoni, Wajerumani hawa na utaratibu wao.

Siku moja mama alikuja dukani. Mama yangu anakaa Kipawa, na kaka yangu na mke wake na watoto wao, katika nyumba ambayo ndege zikipita mazungumzo yanasubiri. Bibi Mjerumani alikuwepo. Akamsikia mama akinigombeza kuhusu fimbo yangu ya kupimia, akasogea, akaweka kichwa pembeni, akamtazama muda mrefu sana. Alipotoka, mama akaniuliza kama yule mzungu anamdai.

Kesho yake Bibi Mjerumani akaniambia hivi, na maneno nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta mahali nilipokosea:

"Mwanangu, ninaomba mama yako aje akae kwangu. Wiki tatu, labda nne."

Sasa nyie mliozaliwa na Kiswahili, niambieni mlisikia nini. Mie nilisikia kikongwe mjane, asiye na mtoto, peke yake nyuma ya duka la saruji, anaomba mwenzake akae naye wiki tatu. Nilipompigia mama simu sikuongeza wala kupunguza. Mama naye alikuwa amechoshwa na mkamwana wake na ndege. Hakuuliza hata kuna choo cha aina gani. Alifika kwa bajaji akiwa na godoro lililofungwa kamba, ndoo, mbuzi ya kukunia nazi, msala, na sanduku lake la bati la kijani.

Bibi Mjerumani alifungua mlango amevaa aproni yenye madoa. Nyuma yake, katikati ya chumba, kulikuwa na kiti kimoja, kimewekwa vizuri kwenye mwanga, na mto juu yake. Alisikiliza godoro likishushwa. Akasikiliza ndoo. Alimshika mama mkono, akamwambia karibu sana. Ni mie tu aliyenivuta pembeni, baadaye, mama alipokuwa akikagua jiko.

"Mimi niliandaa kiti," alisema. "Wewe umeniletea kitanda."

Nikaomba radhi, nikasema namrudisha mama sasa hivi. Akanishika kola. Akasema nikithubutu ataanza kununua marekani Kariakoo.

Basi wakakaa, kwa maana zote mbili. Asubuhi mama alikalia kiti, mchana alikaa tu. Alimfundisha mwenzake kutia sukari kwenye chai. Nilipopita jioni niliwakuta kwenye mkeka uwani wakimsengenya mwenye nyumba, mmoja kwa Kiswahili cha Kizaramo na mwingine kwa Kiswahili cha redio, na wakielewana vizuri kuliko mie na mteja yeyote. Mama akawa anamwita shoga. Bibi Mjerumani aliniambia tangu Kawe hakuna aliyemwita kitu kingine zaidi ya bibi na madam.

Siri aliigundua mama, wala si mie ninayejifanya naona kila kitu. Walikuwa kazini, mama kwenye kiti, mwenzake nyuma ya ubao. Mama akabanwa haja. Hakutaka kumkatisha mtu na brashi, akavua khanga ya juu, akaitandika juu ya mto kwenye kiti, akatoka polepole. Aliporudi akasimama mlangoni. Bibi Mjerumani alikuwa anaendelea kuchora, anaweka kichwa pembeni, anatazama kiti, anarudi kwenye kitambaa, na anaiambia ile khanga: "Vizuri, shoga. Hivyo hivyo. Usitikisike."

Mama hakucheka. Alikwenda akaketi juu ya khanga yake. Ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, tangu lini.

Ilikuwa inakwenda mwaka wa pili. Pembeni alikuwa bado anaona: mlango, dirisha, ukingo wa bega. Lakini katikati, pale anapolenga jicho, palikuwa na ukungu wa kijivu ulioketi kama paka. Yaani kila alichotaka kukitazama ndicho kilichofichwa. Kati ya kazi zote za duniani, yake ilikuwa kutazama watu usoni. Aliona masikio ya watu, aliona nywele na kola. Uso hakuuona. Mama, alisema, alimchagua kwa sauti yake. Alisikia dukani sauti ya mtu mwenye uso, akataka amchore mmoja wa mwisho kabla hata masikio hayajaondoka. Na alikuwa hajamwambia mtu.

Mama alinihadithia jinsi alivyofanya. Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusana. Akamshika mwenzake mkono, akauweka kwenye kipaji cha uso wake. Akamwambia, "Haya, shika. Hii ndiyo pua, usiipunguze, ya kwetu ndivyo ilivyo."

Kuanzia hapo alichora kwa vidole. Mkono wa kushoto usoni kwa mama, wa kulia kwenye kitambaa, rangi imekaa nene kama samli, anaipanga kwa kisu na kwa kidole gumba. Niliwahi kuwakuta hivyo, nikarudi nyuma bila kubisha hodi. Baba alifariki zamani. Sikuwahi kufikiria kwamba tangu hapo hakuna aliyeugusa uso wa mama zaidi ya maji ya udhu.

Mie nilifanya ninachokijua, nikaenda kupatana. Nilimpeleka bibi kwa daktari wa macho. Daktari akapima, akasema hilo halirudi. Nikamwuliza dawa ya bei yoyote. Akasema haipo. Nikamwuliza nusu, basi arudishiwe nusu tu, jicho moja. Kijana wa watu alinitazama kwa huruma ambayo sijazoea kutazamwa nayo. Kutoka hapo bibi alisema nisihuzunike, nimejitahidi, kwao hakuna aliyewahi kumwombea punguzo la upofu.

Sasa nifike kwenye sanduku.

Mama yangu ana sanda yake. Wazee wetu wengi wanayo. Si uchuro, ni maandalizi, kama mtu anavyoweka nauli kando. Ya mama ina historia. Baba alipokwenda Hija hakuwa mtu wa kununua kitambaa Makka wakati anacho Temeke. Alikata marekani hapa dukani, kipande kirefu kisicho na mshono, akaenda nacho, akakichovya Zamzam, akakianika, akakikunja kwa mkono wake, akamletea mkewe. Mama hufua nguo zote, hicho hakijafuliwa. Kiko ndani ya sanduku la bati na karafuu. Mara moja kwa mwaka, Shaabani, anakitoa, anakipunga hewa, anakirudisha kwenye mikunjo ileile ya baba.

Shaabani ilimkuta kwa Bibi Mjerumani. Akafungua sanduku, akatoa kitambaa, akakifungua uwani. Kikaishia mapema. Ncha moja ilikuwa imekatwa kwa mkasi, nyoofu, kazi ya mtu anayejua kukata.

Ilikuwa hivi. Alipohamia, mama alitaka sanduku lake liwe chini ya dirisha, mahali pakavu. Palikuwa na sanduku lingine la bati la kijani, akalisukuma kidogo upande. Masanduku yote mawili yalitoka kwa fundi mmoja wa soko la hapahapa Temeke, na vitambaa vyote viwili vilitoka kwenye duka moja, langu. Mwenye macho mabovu anaishi kwa mahali. Siku ile ya kuanza picha Bibi Mjerumani alinyoosha mkono chini ya dirisha, akafungua sanduku, akashika marekani, akaipima kwa dhiraa, akakata. Akaipaka gundi na chaki, akaiwamba kwa misumari.

"Kilinukia karafuu," alisema alipoulizwa. "Nilidhani mwanao ameniletea zawadi."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja na mkaa. Mama alikaa juu ya sanduku, kipande kilichobaki mapajani, akitazama ubaoni, ambako uso wake mwenyewe ulikuwa umeshatoka: kipaji, pua ya kwetu, kidoti cha shavuni, mdomo ulio karibu kukataa kitu. Macho tu yalikuwa bado. Bibi Mjerumani macho huyaweka mwisho, ndivyo alivyofundishwa. Alipoelewa amefanya nini alishuka chini taratibu mpaka akakaa sakafuni.

Halafu mama akasema:

"Watu wote huvaa sanda. Mie sanda ndiyo iliyonivaa."

Akacheka yeye, sie tukashindwa. Bibi Mjerumani alikuwa akilia kwa macho ambayo kazi hiyo bado yaliiweza. Mama akauliza kama rangi inatoka. Na hapo, ingekuwa mie, ningesema inatoka, nipate muda wa kufikiri. Yeye alisema kweli.

"Haitoki. Ndiyo sifa yake, shoga. Nilisomea isitoke."

Mpwa wake alikuja kabla ya mfungo. Daktari au ubalozi au nani alimwambia, sijui. Ni kijana mstaarabu, mrefu, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Amekuja kumchukua shangazi yake. Kwao kuna nyumba ya wazee, safi, ya kulipiwa na serikali, na shangazi hawezi kuishi peke yake na jiko la mafuta ya taa. Nikamwambia haishi peke yake. Akasema anajua, na anamshukuru mama, lakini mama naye ana umri gani? Nikaanza kupatana. Nilianzia miezi sita, nikashuka mpaka mwezi, nikamwambia basi mpaka macho ya picha yaishe. Aliniambia tiketi imeshakatwa. Nimepatana na wachuuzi wa Kariakoo na mgambo wa jiji, na sijawahi kukutana na mtu aliyesimama kwenye bei yake kwa upole kiasi kile.

Siku walizobaki nazo bibi hakuchora. Alisema macho hayachorwi kwa kushika. Walikaa uwani tu, wakikuna nazi kwa zamu.

Mama alirudi Kipawa na godoro lake. Kasha la rangi lilikwenda kwa mtoto wa mama wa vitumbua. Picha ikabaki kwangu, stoo, imegeukia ukuta, kwa sababu mpwa alisema ndegeni haiwezi kukaa na rangi bado mbichi.

Bibi Mjerumani ananipigia kila Jumapili, mpwa akimshikia simu. Tukimaliza shikamoo ananiambia, "Nisomee." Nakwenda stoo, naigeuza picha, nasoma: kipaji, mistari mitatu, wa kati una mkato. Pua. Kidoti. Mdomo.

"Na macho?"

"Macho hayapo, bibi."

"Vizuri. Niliogopa umempa fundi wa vibao ayaweke."

Sikumwambia kwamba fundi wa vibao alishaniuliza.

Anachokitaka ni kimoja. Anataka picha ikishakauka nimtumie, aitundike karibu na kitanda. Haioni, lakini rangi ni nene, na mkono wake unaweza kuusoma uso ule vizuri kuliko mie kwa macho yangu. Anasema mameya wanne wako ukumbini na hakuna hata mmoja ambaye vidole vyake vinamkumbuka.

Na mama miguu imeanza kuvimba. Mwezi huu kalazwa, akatoka, akalazwa tena. Hasemi kwamba anaogopa. Anauliza tu kitambaa chake kiko wapi. Nilimleta maalim wa msikiti wetu azungumze naye, na maalim alizungumza vizuri: sanda yoyote nyeupe safi inatosha, Zamzam ni baraka wala si sharti, na picha haishuki kaburini. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaagiza apewe juisi. Alipoondoka akaniambia, "Maalim kasema kweli. Ila si yeye aliyekikunja."

Nikasema nitaunga yadi mbili mpya, mshono hautaonekana. Akaniuliza baba alileta chenye mshono?

Nilijaribu mengine. Kuna tambara ambalo bibi alifutia brashi. Nikalifanyia majaribio, mafuta ya taa, sabuni ya mche, ndimu, hata ile dawa ya mafundi gereji. Rangi ilihama, kitambaa kikawa kijivu, kikanuka lori. Nikamwuliza mpwa. Akauliza kwao, akaniambia wapo mafundi wanaoweza kuhamisha rangi kutoka kitambaa kimoja kwenda kingine, lakini kile cha zamani wanakichambua uzi mmoja mmoja mpaka kiishe. Nikawaza pia lile ambalo hata wewe umeshaliwaza: bibi haoni. Ningeweza kumpa mama yadi zake hata kama ni za kijivu, na Jumapili nikaendelea kusoma kipaji na kidoti kwa kichwa, nimeshavihifadhi. Mama akanitangulia. Alikuwa amelala, nikidhani amesinzia.

"Usije ukamsomea ukuta," alisema. "Mie nilimkuta anaongea na khanga. Inatosha."

Wiki iliyopita nikaamua wazungumze wenyewe. Nikampelekea mama simu hospitali, nikaiweka sikioni kwake. Nilitegemea mmoja atalegea. Kwenye mapatano lazima mmoja alegee. Mama akamwambia shoga yake achukue picha, ni kazi ya mikono yake, yeye anataka kitambaa tu. Kwa upande wa pili nikasikia Bibi Mjerumani akijibu kwamba hapana, kitambaa ni cha mama, alikileta mumewe, kirudi chote, yeye anaomba uso tu. Wakakubaliana. Wakashukuriana. Wakaanza kuulizana habari za chai. Kisha mama akanirudishia simu, amefurahi, akaniambia, "Umeona? Tumeshamaliza. Bado wewe."

Picha ipo hapa mbele yangu ninapoandika. Nimeigeuza. Imekauka. Nimeipima tena na yadi ni mbili zilezile.

Kwa hiyo nauliza, na sioni haya kuuliza hadharani. Kama kuna msomaji yeyote, fundi, dobi, mkemia, mtu wa makumbusho, yeyote, anayejua namna ya kuubandua uso kwenye kitambaa vyote viwili vikabaki vizima, anielekeze. Aseme na bei yake. Sitaomba punguzo. Ila anijibu mapema, maana miguu ya mama haishuki.